Steringi hafi, nani kasema? Ugomvi wa Game of Thrones ulipoanzia na kwa nini mpaka leo hauishi

Onyo kwanza. Humu ndani nataja nani kafa na nani kabaki, kwahiyo kama hujaangalia Game of Thrones na una mpango wa kuangalia, pita hivi kimya kimya, usije kunidai spoila.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu nimechoka kusikiliza watu wakibishana vitu vitatu wakidhani wanabishana kitu kimoja. Mmoja anakwambia ile tamthilia haijapata kutokea. Mwingine anakwambia waliiharibu mpaka hataki hata kuirudia. Wa tatu, huyu huwa kasoma vitabu kwahiyo anaongea kwa ile sauti ya upole ya mtu anayejua kuliko wewe, anakwambia "kwenye kitabu haikuwa hivyo". Mimi naona wote watatu wako sahihi, ila kila mtu kaangalia tamthilia yake, jina tu ndo moja.

Twende taratibu. Tamthilia ilianza kurushwa na HBO ya Marekani tarehe 17 Aprili 2011 ikaisha 19 Mei 2019, sizoni 8, episodi 73, waandaaji wakuu ni David Benioff na D.B. Weiss. Imetoka kwenye vitabu vya George R.R. Martin, cha kwanza kilitoka 1996, cha tano kikatoka Julai 2011, yaani miezi mitatu tu baada ya tamthilia kuanza. Hiyo Julai 2011 ishikilie, maana mchawi wa hii stori anakaa hapohapo.

Sasa sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria moja ambayo hakuna aliyetufundisha ila kila mtoto anaijua: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akadondoka kwenye maporomoko, gari likalipuka naye akiwa ndani, wewe unaendelea kula karanga zako kwa sababu unajua atatokea upande wa pili akiwa na kovu dogo shavuni. Ndo ikaja Juni 2011, sizoni ya kwanza, episodi ya tisa, Ned Stark, mkuu wa ukoo wa Stark, anakatwa kichwa. Ned ambaye ndo anaonekana kwenye bango amekaa kwenye kiti cha enzi, kaigizwa na Sean Bean ambaye ndo alikuwa staa anayejulikana kuliko wengi mle ndani. Mimi nilirudisha nyuma nikidhani flash imeruka. Nikaangalia tena, kichwa kikakatwa tena. Kesho yake nikaenda kwa yule dogo aliyekuwa ananiwekea muvi, nikamwambia dogo mbona steringi kafa, akaniambia "braza, kwani nani kakwambia yule ndo steringi?" Nimesoma makala nyingi kuhusu hii tamthilia tangu siku ile na sijaona iliyoeleza vizuri kumshinda yule dogo.

Ila kuna watu ambao usiku ule hawakushtuka hata kidogo. Waliosoma kitabu walijua tangu 1996. Na hapa ndo tunapata makundi mawili ambayo bila kuyaelewa huwezi kuelewa kitu chochote kilichofuata, kuna waliosoma na kuna wasiosoma, na mitandaoni wasiosoma wakabatizwa jina la Unsullied, ambalo kwenye stori ni la wale askari watumwa wa Daenerys, yule binti mwenye majoka anayekitaka kiti cha enzi, maana yake ni kama wasiochafuliwa, yaani bado hawajatiwa doa na spoila. Waliosoma walikuwa wanaangalia kuona itafanywaje. Wasiosoma walikuwa wanaangalia kuona nini kitatokea. Hizo ni starehe mbili tofauti kabisa, na ukifikiria hiyo ya kwanza ndo starehe ya zamani zaidi, bibi akikusimulia habari za sungura na fisi hata mara ya hamsini unajua kabisa fisi ataumbuka, unachosubiri ni namna bibi atakavyoigiza sauti ya fisi.

Miaka hiyo ya mwanzo makundi haya yaliishi vizuri sana, na ushahidi wake ni ile harusi. Tarehe 2 Juni 2013, sizoni ya tatu episodi ya tisa, Robb Stark, mtoto wa Ned, na mama yake Catelyn wanaalikwa harusini na wanauliwa humohumo ukumbini, wimbo ukipigwa na mlango ukifungwa. Kitabu chenye hiyo sehemu kilitoka mwaka 2000. Piga hesabu, watu walikaa na hiyo siri miaka kumi na tatu! Na tamthilia ilipokaribia pale wakafanya kitu ambacho sijakiona kwa mashabiki wengine: wakawakalisha wenzao wasiosoma kwenye kochi, wakategesha simu kwa siri, wakawarekodi wakati wanaangalia. Zile video zilijaa YouTube wiki ile, watu wamejishika mdomo, mtu anasimama anakaa anasimama tena, mwingine anairushia mto televisheni. Martin mwenyewe alishasema ile sura ya harusi ilimuuma kiasi kwamba aliiruka akaandika kitabu chote kwanza ndo akairudia mwisho. Na haikutoka hewani, kuna karamu ya kweli Uskochi mwaka 1440 ambapo vijana wa ukoo wa Douglas walialikwa mezani kwa mfalme kisha wakauawa, hiyo alishaitaja kama moja ya alikochota.

Kitu ambacho wengi wanakisahau ni kwamba hata waliosoma walipigwa ngumi yao usiku ule. Kwenye tamthilia mauaji yanaanza kwa mke wa Robb, Talisa, mjamzito, kuchomwa kisu tumboni. Kwenye kitabu huyo Talisa hayupo, mke wa Robb anaitwa Jeyne na hata hakwenda harusini. Kwahiyo yule mtu aliyekaa na simu yake kwa raha zote anasubiri kumrekodi mwenzake, naye akajikuta mdomo wazi. Mimi naona hiyo ndo ilikuwa kilele cha uhusiano mzima, kila kundi lilipata chake kwenye sahani moja.

Baada ya hapo yakaanza manung'uniko, na ili uyaelewe lazima ujue mzigo wenyewe unavyobebwa. Kitabu cha kwanza kilipewa sizoni nzima. Cha pili sizoni nzima. Cha tatu ni kinene mno kikapewa sizoni mbili. Halafu vitabu vya nne na vya tano, ambavyo kila kimoja ni tofali la kuzuilia mlango, kwa sehemu kubwa vikabanwa kwenye sizoni moja tu, ya tano, ya mwaka 2015. Lazima vitu vidondoke njiani. Na Martin anaandika kila sura kutoka ndani ya kichwa cha mtu mmoja, unasikia anachowaza, anachoogopa, anavyojidanganya, wakati kamera haiingii kichwani, kamera inaona uso tu. Kwahiyo kila wazo lililobeba stori inabidi ama lisemwe kwa mdomo, ama ligeuzwe tukio, ama litupwe.

Walichotupa ndo kiliwagawa watu. Catelyn kwenye vitabu anafufuliwa, anarudi akiwa maiti inayotembea yenye kisasi, inaitwa Lady Stoneheart, na Juni 2014 wasomaji walikaa mpaka majina ya mwisho ya sizoni ya nne yakapita wakimsubiri atokee. Hakutokea siku ile na hakutokea kamwe. Asiyesoma hakujua hata kama kuna mtu kakosekana, kwake sizoni iliisha vizuri tu na Arya, mdogo wake Robb, kapanda meli.

Mwaka uliofuata ugomvi ukawa mwingine na mzito zaidi. Sansa, dada yake Arya, akaozeshwa kwa Ramsay Bolton, kijana wa ukoo uliomsaliti Robb, na akabakwa usiku wa ndoa. Kwenye vitabu anayepelekwa kwa Ramsay ni msichana mwingine, Jeyne Poole, aliyelazimishwa kujifanya ni Arya, Sansa yeye yuko mbali kabisa na pale. Safari hii hasira haikufuata mpaka wa kusoma na kutosoma. Kulikuwa na seneta wa Marekani, Claire McCaskill, alitangaza hadharani kwamba yeye basi, haangalii tena. Waandaaji walikuwa na sababu ya kiufundi, kwa nini umlete mhusika mpya asiyejulikana wakati una Sansa ambaye watu wanampenda tangu 2011, na kiufundi inaeleweka kabisa. Lakini sababu inayoeleweka jikoni haifanyi chakula kiwe kitamu mezani, na mimi nakumbuka ile episodi tuliiangalia sebuleni na dada zangu, hakuna aliyeongea mpaka tukazima.

Sasa turudi kwenye ile Julai 2011. Kitabu cha tano kilitoka, cha sita kikasubiriwa. Kikasubiriwa. Januari 2016 Martin akaandika kwa masikitiko kabisa kwamba hakijaisha na sizoni ya sita itatoka kabla yake. Mpaka leo naandika hivi hakijatoka. Yaani tamthilia ilikuwa gari linalofuata barabara, barabara ikaisha, gari likaendelea kwenda. Alishawaeleza Benioff na Weiss mambo makubwa ya mwisho, nani anaishia wapi, lakini kuambiwa mwisho wa safari ni Mwanza sio sawa na kuonyeshwa pa kukata kona.

Kwa watazamaji hii ilileta kitu cha ajabu. Wasomaji, wale wa sauti ya upole, ghafla hawajui kitu. Wameshushwa cheo, wamekaa kochi moja na sisi. Na mwanzoni ilikuwa raha kwelikweli, Mei 2016 tukalia wote pamoja siku Hodor, yule mtumishi wa akina Stark, alipokufa akizuia mlango, na hata jina lake kumbe ni amri ya kuzuia mlango, "hold the door", iliyokatika katika mdomoni mwa mtoto. Hiyo Martin ndo aliwapa, kwahiyo televisheni ikawa inawapa wasomaji spoila ya kitabu chao wenyewe. Nitoke nje ya mada kidogo, watafsiri wa lugha mbalimbali walihangaika kweli na hilo jina, lakini mimi kichwani lilikuwa linagonga kwa njia nyingine, maana kwetu hodi ni kuomba mlango ufunguliwe, na huyu mwenye jina la kufanana na hodi kafa akihakikisha haufunguliwi.

Halafu ikaja kasi. Sizoni ya kwanza mfalme Robert anasafiri mwezi mzima kutoka mji mkuu kwenda Winterfell, ngome ya akina Stark, na unauhisi huo mwezi, wakati wa kurudi watu wanagombana njiani, uadui unapikwa barabarani. Sizoni ya saba mtu anakimbia mpaka kwenye ule ukuta wa barafu wa kaskazini, kunguru anarushwa, joka linatoka kisiwani huko kusini linafika kuokoa watu, na wewe hujajua kama ni usiku mmoja au wiki. Sizoni hiyo ilikuwa na episodi saba badala ya kumi, ya nane zikawa sita, ndefu ndefu kweli lakini sita. HBO walikuwa tayari kuendelea zaidi, Martin naye angetaka zaidi, waandaaji wakasema zinatosha. Mashabiki wengi wanaamini walikuwa na haraka ya kwenda kutengeneza muvi za Star Wars, ambazo walitangazwa Februari 2018 na baadaye wakajitoa. Mimi sipo vichwani mwao.

Malalamiko ya 2019 watu wanayachanganya kwenye sufuria moja na ndo maana hayaeleweki, hebu tuyatoe moja moja. Kuna ya macho tu: episodi ya tatu, vita ya usiku, giza totoro, watu wanasogelea televisheni kama wanatafuta sindano, mpiga picha Fabian Wagner akajibu kwamba wengi hawajui kuzirekebisha televisheni zao, jibu ambalo halikumsaidia hata kidogo. Halafu kikombe cha kahawa kikaonekana mezani mbele ya Daenerys, dunia nzima ikasema ni cha Starbucks wala hakikuwa chao, HBO wakatania kwamba alikuwa ameagiza chai ya mitishamba. Haya ni ya kucheka, yanapita.

Kuna ya kusubiri. Night King, kiongozi wa lile jeshi la wafu ambalo tulitishwa nalo kwa miaka minane, kauliwa na Arya kwa kisu kimoja, usiku mmoja, na bado episodi tatu. Kwenye vitabu hakuna kiongozi kama yule, kuna ngano ya kale tu yenye jina linalokaribiana, kwahiyo hapa msomaji hakuwa na cha kulalamikia kuhusu kitabu, alilalamika kama sisi wengine, kwamba deni la miaka minane limelipwa kwa sarafu.

Halafu kuna Daenerys, na hapa ndo pa kukaa. Tarehe 12 Mei 2019, mji umesalimu amri, kengele zinalia, yeye juu ya joka anaamua kuuchoma na watu wake. Ukiwauliza watu waliokasirika watakwambia "haiwezekani, Dany hawezi". Lakini anaweza! Alishawatundika msalabani mabwana wa watumwa 163 kule mji wa Meereen tukashangilia, aliwachoma akina Tarly baba na mtoto wakiwa mateka, tukanyamaza. Kwenye kitabu cha tano tunamuacha nyikani, ana homa na njaa, anajikumbusha kwamba joka halioteshi miti. Dalili zipo tangu zamani. Kilichokosekana ni njia ya kati. Kwenye vitabu kuna kijana mwingine anaitwa Aegon, anadai na yeye ni Targaryen, yaani wa ukoo wa Daenerys, kavuka bahari kabla yake, na wasomaji wengi wanakisia kwamba wananchi watampenda huyo, Daenerys atafika akute nafasi yake ya mkombozi imeshakaliwa. Tamthilia ilimfuta Aegon mzima mzima. Kwahiyo pale juu ya joka mwanamke yuleyule anafika penye hasira ileile ila ngazi zimetolewa, unamwona yuko juu unajiuliza kapandaje. Na kuna watu walikuwa wameshawapa watoto wao wa kike majina ya Khaleesi na Daenerys, Marekani huko kwa mamia kila mwaka, nawaza mzazi wa mtoto wa miaka minne ameangalia ile episodi anafikiria nini.

Bran, mdogo wake Robb, naye ni hivyohivyo. Kwenye kitabu cha kwanza, ukitoa utangulizi, sura ya kwanza kabisa ni ya Bran, kwahiyo msomaji ukimwambia Bran kawa mfalme anaweza kutikisa kichwa akasema mmh, sawa, ilianza naye. Lakini tamthilia ilimuondoa kabisa sizoni nzima ya tano, episodi kumi hatukumwona hata mguu, na waliporudi naye wakamfanya mtu asiyeonyesha hisia yoyote. Halafu Tyrion, aliyekuwa mshauri wa Daenerys, anasimama anasema hakuna mwenye stori nzuri kama Bran. Nani kaiona hiyo stori? Kwahiyo inawezekana kabisa mwisho ni uleule wa Martin na hasira ya watu ikawa halali vilevile, hivyo vitu viwili havigombani.

Sasa hizo namba zinazotajwa. Kuna maombi ya mtandaoni ya kutaka sizoni ya nane irudiwe na waandishi wengine, yalipita sahihi milioni 1.8, na kila mtu anayataja kama ushahidi kwamba watu walichukia mwisho. Ila yalivuka milioni moja kabla episodi ya mwisho haijarushwa, watu walisaini kupinga kitu ambacho hawajakiona, na kusaini kwenyewe ni kugusa kitufe tu. Episodi hiyohiyo usiku ule iliangaliwa na watu milioni 19.3 Marekani peke yake, rekodi ya HBO, na Septemba tamthilia ikabeba tuzo 12 za Emmy ikiwemo ya drama bora. Huku kwetu kwenye chaneli ya M-Net ilikuwa inaingia saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na kuna watu nawajua waliamka kuiangalia halafu wakaenda kazini wakiwa na macho mekundu na hasira. Mtu huamki saa kumi usiku kwa ajili ya kitu ambacho hukipendi.

Ukidhani ni ugomvi wa tamthilia moja, angalia House of the Dragon, tamthilia nyingine ya dunia hiyohiyo ya Martin, iliyoanza Agosti 2022. Hiyo imetoka kwenye kitabu cha 2018 ambacho sio riwaya ya kawaida, kimeandikwa kama historia, na mwanahistoria wake ananukuu mashahidi wasioelewana, kuna padri mmoja na kuna mchekeshaji wa ikulu anaitwa Mushroom ambaye kila kitu anakitia matusi. Ungesema hapa wasomaji watatulia maana kitabu chenyewe hakina uhakika. Wapi! Juni 2024 sizoni ya pili ikaanza na mauaji ya mtoto wa malkia Helaena. Kwenye kitabu ana watoto wa kiume wawili, wauaji wanamlazimisha achague afe yupi, anamtaja mdogo, Maelor, wao wanamuua mkubwa, kwahiyo anabaki na mtoto anayejua mama yake alimtoa. Kwenye tamthilia Maelor hayupo, anatakiwa tu aonyeshe kati ya mapacha yupi ni wa kiume. Asiyesoma alizima televisheni kwa kushindwa kuvumilia. Aliyesoma akasema wamelainisha mno. Usiku mmoja, kitanda kimoja, mtoto mmoja. Na Septemba Martin mwenyewe akaandika akieleza kwa nini kumtoa Maelor kutavuruga mambo huko mbele, andiko likaondolewa muda mfupi baadaye.

Nyumbani kwangu sasa hivi kuna binamu yangu kaja kusoma chuo, hajasoma vitabu, hajawahi kuangalia, na kwa namna nisiyoielewa hakuna aliyewahi kumpa spoila. Ameanza mwezi uliopita. Jana usiku kaniambia, "Kaka, huyu Robb anajua sana, huyu ndo atachukua kiti," nikamwambia eeh, tuone. Yuko sizoni ya tatu, episodi ya nane. Simu nimeshaichaji.